Rejeta Imepasuka: Tuulize Kwanza Kilichoipasua

Lori kuukuu linapopanda mlima wa Kitonga na mzigo likafika juu salama, dereva akaegesha kando ya barabara, akazima injini, na dakika chache baadaye rejeta ikapasuka na kumwaga maji yote chini, kila aliyepo husema neno lilelile: rejeta imekufa ghafla. Dereva humpigia tajiri simu akisema hivyo, tajiri humwambia fundi hivyohivyo, na fundi huanza kutafuta rejeta iliyotumika ya gari la aina ile. Mazungumzo yangu ya leo yanalipinga neno hilo "ghafla". Ukiondoa ajali, au jiwe lililorushwa na gari la mbele, rejeta ya lori la miaka 20 au 30 huwa imeuawa polepole, kwa majuma, pengine kwa miezi, na mara nyingi na kitu kilicho nje yake. Cha ghafla ni siku ya kujua tu. Na kama hivyo ndivyo, kununua rejeta ya pili kabla ya kumjua aliyeiua ya kwanza ni kuikabidhi hiyo ya pili kwa muuaji yuleyule.

Tuanze na kazi yenyewe ya rejeta. Katika injini ya dizeli, karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo kwenye mafuta hugeuka joto linalobebwa na maji ya kupozea. Theluthi nyingine, au zaidi kidogo, ndiyo inayosukuma gari, na iliyobaki hutokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo lori linapovuta mzigo wake mlimani kwa nguvu zote, joto linalokaribia kulingana na nguvu yote inayozungusha magurudumu huwa linapita kwenye kile kipande cha shaba au alumini kilichofungwa mbele ya injini. Pampu huyasukuma maji yazunguke laina na hedi. Thamostati hufunguka yanapofika nyuzi 80 na kidogo za selsiasi. Maji huingia kwenye rejeta kwa mpira wa juu, hushuka katika njia nyembamba yakipulizwa na feni, na hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini yakiwa yamepoa. Mfumo wote umefungwa. Mfuniko una springi inayoyazuia maji mpaka mgandamizo uzidi kiasi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani karibu baa moja. Namba hiyo si pambo. Mfuniko mzima wa 0.9 huyafanya maji matupu pale Dar es Salaam yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100. Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 94. Lori linalopanda kutoka pwani likiwa na mfuniko uliolegea springi linafika huko likiwa limepoteza akiba yake yote ya joto, na hakuna rejeta, mpya wala kuukuu, inayoweza kuifidia akiba hiyo.

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia imekuwa ikizipima rejeta tangu mwishoni mwa mwaka 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru na Zambia ikalazimika kupitishia mafuta yake huku kwetu kwa malori. Inazipima kwa namna ambayo wengi hatuitazami vizuri. Lori likiwa linapanda, pampu inazunguka na feni inavuta hewa, hata kama vyote viwili vimechoka. Likizimwa papo hapo baada ya mlima, pampu na feni husimama, lakini chuma cha hedi na laina bado kina joto kubwa kuliko maji yanayokizunguka. Joto hilo lote huingia kwenye maji yaliyosimama, mgandamizo hupanda, na mshono uliokwisha kuliwa nusu huachia wakati huo. Ndiyo maana rejeta hupasuka gari likiwa limeshaegeshwa, na watu wakashangaa kwamba iliumaliza mlima ikaja kufia kivulini. Dereva anayeiacha injini iungurume taratibu dakika tatu hadi tano kabla ya kuizima, maji yakiwa bado yamo, huyapa maji nafasi ya kulitoa joto lile. Lakini hata kuzima ghafla si chanzo. Rejeta nzima huhimili kilele hicho, kwa sababu mfuniko hufunguka na kuuachia mgandamizo kabla mshono haujaelemewa. Ikiwa haikuhimili, ama mfuniko haukufunguka, ama mshono ulikuwa umeshadhoofika, ama kuna kitu kilikuwa kinapuliza kwa kasi kuliko mfuniko unavyoweza kutema.

Kwa hiyo rejeta iliyopasuka ni ushahidi, na ushahidi hausuguliwi kwa msasa na kuchomewa kwa risasi kabla haujasomwa. Itoeni, iwekeni kwenye mwanga, mtazame kidonda kiko wapi na kina sura gani. Mshono wa tangi la juu ukiwa umefunguka kwa urefu, na tangi lenyewe limetuna, hiyo ni kazi ya mgandamizo. Ufa ukiwa kwenye kona, pale tangi linapokutana na mkono wa kufungia, na kingo zake zinang'aa, hiyo ni kazi ya mtikisiko: mipira ya kukalia rejeta imekwisha na mtu ameikaza kwa bolti moja kwa moja kwenye chesi, hivyo kila chesi inapojipinda barabarani rejeta inajipinda nayo. Mikwaruzo ya nusu duara kwenye uso wa ndani inamtaja feni, na nyuma ya feni kuna maunti za injini zilizolala au beringi ya pampu ya maji iliyolegea. Shika feni kwa mikono miwili injini ikiwa imezimwa, iyumbishe mbele na nyuma, utajua. Unga mweupe wenye ukijani uliojaa kwenye mashina ya njia, ukipitishiwa ukucha unapukutika na chini yake chuma kimekuwa chembamba, huo ni ulaji wa kemikali. Na kama tangi ni la plastiki, kama yalivyo kwenye malori mengi yaliyoundwa kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea, tafuta ufa mwembamba wa unywele karibu na shingo ya mpira wa juu, mahali plastiki imegeuka kahawia kwa joto. Hapo umri una sehemu yake ya kweli, nami sitaukana.

Nitakaa zaidi kwenye mgandamizo, kwa sababu ndiko pesa nyingi za wenye malori zinakopotelea. Ndani ya silinda ya dizeli, mafuta yanapowaka, mgandamizo hupita baa 100 katika injini nyingi za malori. Kinachoutenganisha moto huo na njia za maji ni gasketi ya hedi, bamba jembamba lililobanwa kwa bolti. Injini ikishachemsha vibaya hata mara moja, hedi inaweza kupinda kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na gesi ikapata upenyo kila silinda inapowaka. Mwanzoni upenyo ni mdogo kiasi kwamba maji hayaingii kwenye oili, oili haigeuki rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hautoki, na gari linavuta kama kawaida. Lakini rejeta iliyotengenezwa kuhimili baa moja na kidogo sasa inapuliziwa kutoka kwenye chumba cha baa 100. Mfuniko unatema, chupa ya akiba inafurika, dereva anaongeza maji kila kituo, na siku moja mshono dhaifu kuliko yote unaachia. Tajiri ananunua rejeta. Hiyo mishono yake ni imara, haipasuki. Sasa unaochomoka ni mpira wa juu. Mpira unabadilishwa na klempu mpya inafungwa. Sasa pampu ya maji inaanza kuvuja. Kila mara kinabadilishwa kile kilichoachia, na gasketi haijaguswa.

Kuichunguza hakuhitaji maabara. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji hadi shingoni, uwashe injini. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Yakiendelea bila kukoma, na yakaongezeka injini inapokanyagiwa mafuta, kuna kinachopuliza. Au funga mfuniko, washa injini ikiwa bado baridi, na ushike mpira wa juu. Maji hayajapata joto, hivyo hakuna sababu halali ya mpira huo kujaa. Ukikuta ndani ya dakika mbili au tatu umekaza na haubonyei, umepata jibu la kwanza. Hapo ndipo fundi wa malori anapotofautiana na fundi wa magari madogo, kwani lori lina kitu cha pili kinachoweza kupuliza: kompresa ya hewa ya breki. Malori mengi makubwa huipoza kompresa hiyo kwa maji ya injini, na gasketi yake ikikatika, hewa ya breki huingia kwenye maji na kuleta dalili zilezile za gasketi ya hedi. Watu wameshafungua hedi nzima, wakaipeleka kusawazishwa, wakarudisha kila kitu mahali pake, na mapovu yakaendelea. Kuna dawa ya buluu inayowekwa kwenye kifaa cha kioo juu ya shingo ya rejeta; ikipitiwa na gesi iliyoungua hugeuka njano, na ikipitiwa na hewa safi ya kompresa hubaki buluu. Asiye na dawa hiyo anaweza kuitenga kompresa, kwa kufungua mipira yake miwili ya maji na kuiunganisha pamoja kwa muda mfupi, huku injini ikiunguruma bila mzigo. Mapovu yakikoma, hedi haina kosa, na tajiri ameokoa fedha nyingi kwa kazi ya nusu saa.

Kabla sijaenda mbele, neno juu ya mshale wa joto, kwa kuwa mshale huo umeua injini nyingi zilizokuwa bado zinaokoka. Kidude kinachoupa mshale habari kinatakiwa kiwe kimezama ndani ya maji. Maji yakishamwagika, kidude hubaki kwenye hewa na mvuke, na katika magari mengi mshale hushuka. Dereva aliyekuwa anauona unapanda kuelekea nyekundu anauona sasa unarudi chini, anapumua, anaendelea na safari, na injini inakauka mikononi mwake. Mshale unaoshuka ghafla lori likiwa bado linapanda mlima ni ishara mbaya kuliko mshale ulioganda juu. Dawa yake ni kusimama, na kutofungua mfuniko. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hubaki maji kwa sababu tu yamekandamizwa. Mfuniko ukifunguliwa, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya awali. Nyuso na vifua vya vijana wengi, mautingo hasa, vina makovu ya somo hilo, na ninaomba kila dereva anayenisikiliza asimtume utingo wake kufungua kitu ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukifungua. Na maji baridi hayamiminwi kwenye injini inayochemka, hedi hupasuka.

Si kila rejeta huuawa kwa mgandamizo. Nyingine huzibwa taratibu. Maji ya visima vingi vya Dodoma na Singida yana chumvi na chokaa nyingi, na dereva anayejaza dumu lake huko mwaka hadi mwaka anapika chokaa hiyo ndani ya injini. Chokaa huganda kwanza pale penye joto kali, yaani kwenye laina na hedi, kisha hubanduka vipande na kwenda kuziba njia za rejeta. Shaba hupitisha joto mara 100 na zaidi kuliko tabaka la chokaa, hivyo utando mwembamba tu unatosha kuharibu hesabu. Dalili ya kuziba iko wazi kwa anayejua kuuliza. Lori likipata joto likiwa linakimbia tambarare kwa mwendo mzuri, tatizo liko kwenye mzunguko wa maji: njia zimeziba, pampu imeliwa mabawa, au mpira wa chini umelegea na unanyonywa ukabana kila injini inapozungushwa kwa nguvu. Lori likiwa baridi tambarare lakini likachemka mlimani au kwenye foleni ya mizani, tatizo kwa kawaida liko kwenye hewa: feni haikamati, fenibelti inateleza, kava la feni limevunjika, au nafasi kati ya rejeta na intakula imejaa nyasi, wadudu na vumbi lililoganda kwa oili. Ukiiangalia rejeta kwa mbele unaiona safi. Uchafu uko nyuma ya intakula iliyo mbele yake. Swali hilo moja, "linachemka wapi?", linagawa njia mbili kabla spana haijainuliwa. Na kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, ambacho siku hizi kipo kwenye maduka ya vifaa, kikipitishwa juu ya uso wa rejeta injini ikiwa na joto, huonyesha madoa ya baridi katikati ya joto. Doa la baridi ni njia iliyoziba.

Umeme nao unakula rejeta, na huyu ndiye muuaji anayeshukiwa mara chache zaidi. Lori kuukuu limefungwa taa za ziada, redio, inveta ya kuchajia simu, na waya wa hasi wa kila kimoja umefungwa popote palipopatikana bolti. Waya mkuu unaounganisha injini na chesi ukishika kutu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na maji ya rejeta yenye chumvi ni njia nzuri. Chukua mita ya umeme, weka ncha moja kwenye hasi ya betri, ncha nyingine itumbukize kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma, kisha washa kifaa kimoja kimoja, na mwisho piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3, na kwa rejeta ya alumini hata nusu yake, rejeta inaliwa. Rejeta mpya kwenye lori la namna hiyo inaweza kutoboka mapema sana, na aliyeiuza akalaumiwa kwamba ameuza feki. Feki zipo, ndiyo, lakini waya wa hasi unafaa kupimwa kabla ya kumlaumu mwenye duka.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana najua wapo na wana hoja. Wa kwanza anasema: mzee, gari ni la mwaka 1994, vitu vinachoka, unatafuta mchawi wa nini? Nakubali kwamba vinachoka. Risasi inayoshikilia mishono ya rejeta ya shaba hudhoofika kwa kupata joto na kupoa mara maelfu, na plastiki hukauka. Lakini umri hauji peke yake. Unakuja pamoja na hedi iliyowahi kuchemsha, maunti zilizolala, nyaya zilizoliwa na mfuniko wa mwaka wa kutengenezwa gari. Lori lililoifikisha rejeta yake kwenye uzee limevifikisha hivyo vyote kwenye uzee uleule. Hoja ya umri, ikifuatwa hadi mwisho, inatudai tukague zaidi.

Wa pili anasema: toa thamostati, nchi hii ni ya joto, haina kazi. Hapa kuna ukweli kidogo na hasara kubwa. Thamostati iliyoganda ikiwa imefungwa inachemsha injini, na dereva aliyekwama porini akiitoa ili afike mjini amefanya la busara. Lakini injini nyingi za malori zina njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na thamostati inapofunguka ndiyo hiyohiyo inayoifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji itaendelea kuzunguka ndani bila kupozwa, na mlimani lori litachemka kuliko zamani. Tambarare nayo injini itakimbia ikiwa baridi mno, mafuta yasiungue sawasawa, oili ichafuke upesi na laina zilike. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, yapashe moto, uone inafunguka au haifunguki. Nyingine ikinunuliwa, bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya rejeta.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi: kulanti ni ya nchi za barafu, sisi tunatumia maji na magari yanaenda. Ni kweli kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti, na anayesema kulanti inapoza zaidi kuliko maji amekosea. Kazi yake hapa kwetu ni nyingine. Ina dawa za kuzuia kutu na kulinda risasi ya mishono, na katika dizeli zenye laina zinazoguswa na maji moja kwa moja inalinda kitu ambacho maji matupu hayawezi kukilinda: laina hutetemeka kila silinda inapowaka, mapovu madogo sana huundwa na kupasuka kwenye uso wake, na kila kupasuka hukwangua chembe ya chuma, mpaka siku maji yanapotokea upande wa pili, ndani ya oili. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu pia hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 107 hata kabla ya mfuniko kuongeza wake. Asiyemudu kulanti kwa lita zote za lori atumie maji ya mvua au maji ya betri na kutia dawa ya kuzuia kutu inayouzwa peke yake. Maji ya mvua hayana chokaa, na hayauzwi. Anayenunua kulanti, naye asinunue rangi. Maji yaliyotiwa rangi ya kijani yanauzwa kwenye madumu kando ya barabara, na hayana ulinzi wowote.

Wa nne ni mwenye haraka, nami ninamhurumia. Mzigo una siku zake, kuna gharama za kuchelewa mpakani Tunduma, na nyanya za Ilula hazisubiri uchunguzi wa mtu. Kwake nasema: ziba, ongeza maji, fika. Fundi rejeta wetu ni hodari, na rejeta ya shaba ni kitu kinachotengenezeka. Njia iliyotoboka anaweza kuibana na kuizima, na lori likatembea. Ila hesabu izingatiwe. Kila njia iliyozimwa ni sehemu ya upoaji iliyopotea, na rejeta iliyopitia mikono minne au mitano inaweza kushikilia maji vizuri kabisa huku ikishindwa kupoza. Kuhusu vya kumimina ndani, kuanzia yai bichi hadi dawa ya unga ya kopo, vinaweza kukufikisha mjini, lakini visiachwe humo. Kinachoziba tundu dogo la rejeta huziba pia njia nyembamba za maji kwenye hedi. Haraka inahalalisha dawa ya njiani. Haihalalishi kuingia safari ya pili bila kupima chochote, wakati mapovu, mpira wa juu, mfuniko, waya wa hasi na swali la "linachemka wapi" vyote pamoja vinakwisha ndani ya asubuhi moja.

Rejeta ikishafungwa, ya zamani au mpya, kuna jambo linalosahaulika hata na mafundi wazuri: kutoa hewa. Injini inajazwa maji hadi shingoni, mfuniko unafungwa, gari linaondoka, na ndani ya hedi kumebaki kipande cha hewa ambacho pampu haiwezi kukisukuma. Pale palipo na hewa, chuma hupata moto kuliko kilivyoundwa kuhimili, na hedi iliyokuwa nzima hupinda siku hiyo hiyo. Maji yamiminwe polepole, bolti za kutolea hewa zifunguliwe pale zilipo, hita ya kebini iwekwe kwenye joto la juu kabisa, injini iungurume hadi thamostati ifunguke na mpira wa chini upate joto, kisha ikipoa ikaguliwe tena.

Lililobaki linahusu watu. Uchunguzi wote niliousema unategemea maneno ya mtu mmoja, dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Ikiwa amezoea kufokewa kila anaposimama, atasimama kwa kuchelewa, na akiulizwa atasema mshale haukupanda. Ikiwa kila lita ya maji aliyoongeza inahesabiwa kuwa uzembe wake, hatazitaja, na fundi atafanya kazi gizani kwa gharama ya tajiri huyohuyo. Simu inapopigwa kutoka Ruaha Mbuyuni, maswali yenye faida ni ya namna hii: mshale ulianza kusogea ukiwa wapi, ulikuwa unapanda au uko tambarare, maji yalimwagika kabla au baada ya kuzima, mpira wa juu ulikuwaje asubuhi. Majibu yaandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya gari pamoja na karatasi za mzigo. Fundi wa Makambako akilifungua daftari hilo akakuta lori limeongezwa lita mbili Chalinze, lita nne Mikumi na lita saba Ruaha Mbuyuni, na hakuna tone lililoonekana chini ya gari mpaka rejeta ilipopasuka, ataanza kazi yake kwenye gasketi ya hedi.